Ugali wa muhogo usiopooza miguu: mwongozo kamili wa kuzuia na kukabili konzo kwa kaya za Mtwara na Lindi

Alilala mzima. Alfajiri alipotaka kwenda uani, miguu haikumbeba. Aliposhikwa mikono ili asimame, magoti yaligongana, visigino vikakataa kugusa ardhi, akabaki amesimama kwa ncha za vidole kama mtu anayechungulia ndani kupitia dirisha refu. Hakuwa na homa. Hakuwa ameanguka. Alikuwa binti wa mama yangu mkubwa, juu kwenye Uwanda wa Makonde, nami nilikuwa na miaka 11. Majirani walisema ametupiwa kitu. Siku ya nne alipelekwa zahanati, akapewa vidonge vya maumivu, akarudishwa nyumbani mgongoni.

Niliingia kwenye kazi ya afya ndipo nikajua kwamba hali ile ina jina, chanzo chake kimechunguzwa, na beseni moja la maji lingetosha kuizuia. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mama wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nanyumbu, Ruangwa au Nachingwea ambaye ana makopa darini, hana maji ya kumwaga, na watoto wanasubiri ugali.

Ugonjwa wenyewe, na kwa nini unatuhusu

Konzo ni udhaifu wa miguu yote miwili unaokuja ghafla, mara nyingi ndani ya usiku mmoja au siku chache, kwa mtu aliyekuwa mzima. Misuli hailegei kama kitambaa. Hukakamaa, mgonjwa akatembea kwa vidole huku mapaja yakisuguana. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huu mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, walihesabiwa wagonjwa 1,102, wengi wao wanawake na watoto. Huko huuita mantakassa, na miongoni mwa madaktari waliofuatilia chanzo chake walikuwa Julie Cliff na Hans Rosling. Kwa upande wetu, William Howlett wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzake waliuchunguza Tarime, mkoani Mara, miaka ya 1980. Masasi nayo, mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, ilipata watu wengi waliolewa sumu ya muhogo wakati wa njaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ikaonekana tena mkoani Mtwara, na watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, Mlingi akiwa mmoja wao, wakaja kutafuta wagonjwa na kufundisha kinga.

Kote huko watafiti walikuta mambo mawili yakienda pamoja: unga wa muhogo mchungu ambao haujasindikwa vya kutosha, ukiliwa wiki baada ya wiki, na sahani isiyo na mboga yenye protini. Muhogo una kitu kinachoitwa linamarini. Ukiukata au kuuponda, linamarini hukutana na kimeng'enya kilichomo kwenye muhogo huo huo na kutoa sayanidi, ambayo ni sumu. Mwili una njia ya kuidhoofisha sumu hii: huiunganisha na salfa inayotokana na protini, ikawa thiosayaneti, kisha ikatoka kwa mkojo. Protini ikikosekana, njia hiyo inakwama. Mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo kuendesha miguu ndiyo inayoumia, na ikishaumia hairudi kuwa kama zamani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kuzuia.

Sisi wa uwandani tuna shida yetu ya pekee. Wenzetu wa Kongo huloweka muhogo mtoni kwa siku kadhaa. Newala mto uko wapi? Maji hupanda kutoka bondeni kichwani, kwa baiskeli au kwa gari, na ndoo ina bei. Kwa hiyo bibi zetu walitumia jua badala ya maji: wakamenya, wakaanika, wakapata makopa. Ni akili iliyotokana na mazingira, na mwaka wa mvua nzuri, mboga zikiwepo, iliwafaa. Mwaka mbaya ndiyo inayotuangusha.

Hatua ya kwanza: ujue muhogo wako na mwezi wako

Muhogo mchungu haukupandwa kwa bahati mbaya. Nguruwe pori na nyani hawaupendi, na mwizi akiung'oa hawezi kuutafuna akiwa njiani. Sitamwambia mtu aung'oe wote. Nitakachosema ni kwamba ulimi unasaidia lakini haumalizi kazi. Muhogo ukiwa mchungu ukiwa mbichi, uhesabu kuwa una sumu nyingi. Ukiwa mtamu, kumbuka kwamba ukame hupandisha sumu ndani ya mizizi, hivyo muhogo ulioula mbichi mwaka jana bila tatizo huenda mwaka huu ukakutibua. Mvua ikichelewa, chukulia kila muhogo wa shamba kuwa mchungu.

Miezi ya kujihadhari sana ni ile ya kungojea mavuno mapya, wakati hela za korosho zimeisha na mahindi bado machanga. Hapo ndipo watu hufupisha kazi. Kama mna nafasi shambani, tengeni sehemu ya mbegu ya muhogo mtamu karibu na nyumba, muulinde, na uwe wa watoto. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, ndicho cha kuuliza mbegu inayofaa udongo wenu na inayostahimili magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia.

Hatua ya pili: makopa bila njia ya mkato

Menya vizuri, maana ganda lina sumu nyingi kuliko nyama. Pasua muhogo vipande vyembamba. Mzizi mzima unaokauka polepole hupoteza sumu nyingi zaidi kuliko kipande kinachokauka kwa siku moja, lakini mzizi mzima pia huoza na kuota ukungu kwa urahisi, na ukungu una madhara yake. Maoni yangu ni kwamba kwa kaya yenye watoto usibishane sana juu ya ukubwa wa kipande. Hakikisha makopa yamekauka hadi yanavunjika kwa mlio, yahifadhi pakavu, kisha hesabu kwamba jua limefanya sehemu tu ya kazi. Unga wa makopa ya muhogo mchungu bado unahitaji maji, na hayo nitayaeleza hatua ya nne.

Njia ninayoiogopa zaidi ni chinyanya. Kila mama wa Masasi anaijua: muhogo umetoka shambani asubuhi, unatwangwa, unaanikwa, unatwangwa tena, unaanikwa tena, na jioni unaliwa. Unga wa haraka wa namna hii ndio uliohusishwa na watu kulewa wakati wa ile njaa. Dalili huanza saa chache baada ya kula: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, tumbo kukata, moyo kwenda mbio, mwili kuishiwa nguvu. Zikitokea, msilale mkisubiri kukuche. Mpelekeni mgonjwa kituo cha afya na mseme wazi kwamba amekula muhogo mchungu. Kama njaa imebana na chinyanya ndiyo pekee iliyopo, ipitishe kwenye hatua ya nne kabla ya kuipika.

Mfanyabiashara anayekuja na lori naye hufupisha makopa. Anataka mzigo wiki hii, bei ni nzuri, na yaliyoanikwa vibaya yanachanganywa na mazuri. Ukinunua unga wa muhogo mnadani hujui umepitia nini, kwa hiyo uloweshe kama wako.

Hatua ya tatu: kama una maji, vundika

Kwa walio karibu na Ruvuma, Lukuledi au kisima kisichokauka, njia bora zaidi ni kuvundika. Menya, weka kwenye pipa au ndoo kubwa, funika kwa maji, acha siku 3 hadi 5, mpaka muhogo ulainike na kumegeka kwa vidole. Kamua, anika, twanga. Usitoe siku ya kwanza wala ya pili: kule Kongo, kufupisha siku za kuvundika ili kuwahi soko kulihusishwa moja kwa moja na wagonjwa wa konzo. Kikundi chenye mashine ya kukwangua nacho kina njia nzuri, kwa sababu muhogo uliokwanguliwa, ukaachwa uchachuke, ukakamuliwa na kukaushwa, huwa umetoa sumu nyingi.

Hatua ya nne: kulowesha unga

Hapa naomba msomaji atulie. Njia hii ilibuniwa na Howard Bradbury, mwanakemia wa Australia, ikachapishwa mwaka 2006, ikajaribiwa Msumbiji, kisha Kongo na kwetu Mtwara. Katika kijiji cha Kay Kalenda, Kongo, ambako konzo ilikuwa imeshapooza watu wengi, wanawake walifundishwa kulowesha unga kila siku, na katika kipindi chote cha ufuatiliaji hakukutokea mgonjwa mpya. Hiyo ndiyo habari iliyonifanya niandike.

Siri yake ni rahisi. Ndani ya unga uliokaushwa juani bado kuna linamarini, na bado kuna kile kimeng'enya. Vimekauka, havikutani. Maji kidogo yanavikutanisha, sayanidi inazaliwa, na kwa kuwa sayanidi huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, jua letu linaifukuza hewani. Ukitia unga mkavu moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, moto unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki kwenye ugali. Kwa hiyo kupika sana hakusaidii. Wengi hushangaa wakisikia hivyo.

Chukua beseni na utie unga wa mlo mmoja, uwe mkavu na usambae sawasawa. Weka alama kwa nje, au kwa ndani kwa kucha au mkaa, pale unga ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko. Unga utashuka kwanza, chini ya alama, kwa sababu hewa imetoka. Endelea kuongeza maji na kukoroga. Utaanza kupanda. Ukifika tena kwenye alama, acha hapo. Ni kipimo kizuri kwa mtu asiye na mizani wala kikombe cha vipimo, na maji yanayotumika ni kidogo mno ukilinganisha na pipa la kuvundika. Kwa sisi wa uwandani huo ndio uzuri wake wote.

Tandaza unga huo uliolowa juu ya mkeka, jamvi au ungo safi. Unene usizidi sentimita 1, yaani upana wa ukucha wa kidole kidogo. Ukirundika, sumu ya katikati haitoki. Acha juani kwa saa 2. Kama kuna mawingu au unaanika barazani, acha kivulini saa 5. Mlo wa mchana unga utandazwe saa tatu asubuhi, uzolewe saa tano. Wa jioni utandazwe saa nane mchana, uzolewe saa kumi. Siku ya mvua anza mapema, barazani, saa mbili asubuhi, mpaka saa saba.

Kisha pika siku hiyo hiyo. Unga uliolowa hauwekwi hadi kesho, utachacha na kuota ukungu. Chemsha maji pungufu kidogo ya mazoea yako, maana unga una maji tayari. Kina mama wengi husema uchungu umepungua, na hiyo peke yake inawashawishi watoto.

Mambo madogo yanayoharibu kazi: usianike kwenye mifuko iliyobebea salfa ya mikorosho wala turubai la dawa za kupulizia, na usifunike kwa chandarua chenye dawa. Weka mtoto mkubwa alinde kuku na mbuzi. Na mtu mwingine nyumbani ajue hatua hizi, kwani siku mama akiwa kliniki au msibani, ndiyo siku unga utakapoingia sufuriani mkavu.

Kipimo cha usalama kilichowekwa kimataifa ni miligramu 10 za sayanidi kwa kila kilo ya unga. Wanaopima hutumia karatasi ya njano inayokaa na unga ndani ya kichupa kwa saa 24. Ikigeuka kahawia, sumu ipo. Huhitaji kuwa nayo nyumbani. Lowesha kila unga, kila siku.

Hatua ya tano: mboga

Mkoa unaouza korosho na ufuta kwa mnada una watoto wanaokula ugali kwa mlenda peke yake. Linaniumiza. Ufuta una methionini nyingi, sehemu ya protini yenye salfa ambayo mwili unaihitaji hasa kuiondoa sayanidi. Bakiza debe moja kabla ya kupeleka ghalani. Kaanga, twanga, nyunyizia kwenye kisamvu au mchuzi. Mayai na samaki ndiyo bora, na dagaa wakavu hubebeka mpaka ndani kabisa ya Liwale. Mbaazi na kunde zina methionini kidogo kuliko ufuta, ila zikipikwa pamoja na ufuta au dagaa zinakamilishana. Kisamvu chenyewe kina sumu hiyo hiyo kikiwa kibichi. Twanga kwanza, chemsha muda mrefu bila kufunika.

Nirudie kwa ajili ya usalama: salfa ninayoizungumzia iko ndani ya chakula. Ile ya kupulizia mikorosho ni dawa ya ubwiri unga, na haiingii jikoni kwa namna yoyote.

Mtoto anayenyonya huwa hapatwi na konzo. Hatari huanza akiachishwa na kuingia kwenye sahani ya familia. Mama mwenye umri wa kuzaa ndiye wa pili kwa hatari, kwani mara nyingi anakula mwisho, na mboga imekwisha. Mpakulie kwanza.

Hatua ya sita: miguu ikigoma

Udhaifu wa ghafla wa miguu ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama unaamini ni konzo, kwa sababu magonjwa mengine hufanana. Polio hulegeza, mara nyingi mguu mmoja zaidi ya mwingine, na huja na homa. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla lazima atolewe taarifa, na sampuli ya choo ichukuliwe. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huja polepole na maumivu ya mgongo. Kiharusi hushika upande mmoja. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kuelekea kifuani ni dharura ya kupumua.

Shirika la Afya Duniani liliweka vigezo vya konzo mwaka 1996: mwendo uliokakamaa kwa miguu yote miwili, ulioanza ndani ya wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima na ambao hauendelei kuwa mbaya, na magoti au vifundo vinavyoruka kupita kiasi vikigongwa kwa nyundo ndogo, bila dalili za ugonjwa wa uti wa mgongo. Kwa hiyo mwambie mhudumu wa afya mambo matatu: ulianza siku gani, mmekula nini wiki 4 zilizopita, na kama wapo wengine nyumbani au kijijini. Wakiwa wawili au zaidi, omba afisa lishe wa wilaya ajulishwe. Zahanati ikishindwa, hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, au Ndanda na Nyangao, ndizo za kuendea.

Hatua ya saba: mazoezi ya nyumbani

Hakuna dawa ya kurudisha mishipa iliyoumia. Hata hivyo wagonjwa wengi hupata nafuu katika wiki za mwanzo, na ugonjwa ukishatulia hauongezeki, isipokuwa mgonjwa akirudia sumu ile ile. Anaweza kupigwa mara ya pili. Kwa hiyo unga wake uwe wa kwanza kuloweshwa.

Adui wa miezi inayofuata ni kano ya kisigino kufupika. Kila asubuhi na jioni, mlaze chali, goti limenyooka, shika kisigino kwa kiganja, usukume wayo taratibu kuelekea goti mpaka usikie nyama ya nyuma ya mguu imevutika. Hesabu 30, achia, rudia mara 5 kila mguu. Polepole, ukisukuma kwa nguvu misuli inakakamaa zaidi. Baadaye mweke asimame ameegemea ukuta, visigino vikijaribu kugusa chini, dakika chache na kuongeza. Akiweza, aketi kwenye kiti na kusimama mara 5, kupumzika, kisha mara 5 tena. Kuchanja na kukanda kwa maji ya moto sana humwachia vidonda tu.

Fimbo ipimwe kwake: kiwiko kikunjwe kidogo anapoishika. Fimbo ya babu iliyokatwa ovyo humpindisha mgongo. Mtaalamu wa fiziotherapia ataonyesha zaidi, na kano zikishafupika kabisa upasuaji wa kuzirefusha humsaidia mtu kukanyaga tena kwa wayo mzima.

Mtoto arudi shule. Mwaka 2013 Boivin na wenzake walichapisha kipimo cha uwezo wa kufikiri cha watoto wa Kongo: wenye konzo walikuwa nyuma, na hata wale wenye miguu mizima kutoka kaya zenye konzo walikuwa nyuma ya watoto wa vijiji visivyo na ugonjwa huo. Kwa hiyo kaka na dada zake nao wanahitaji ugali uliosindikwa vizuri na mboga.

Watafiti wakibisha hodi

Wataomba mkojo wa watoto kupima thiosayaneti, na kiganja cha unga. Ni vipimo visivyoumiza, na vijiji vilivyokubali ndivyo vilivyotupatia njia ya kulowesha. Lakini uliza kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, uliza majibu yatarudi lini na kwa nani, na ujue unaweza kukataa au kujitoa bila kunyimwa matibabu. Wakitaka kujaribu dawa au kirutubisho, uliza pia kuhusu idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Usiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti kwa lugha unayoielewa, na nakala moja ibaki nyumbani.